Watatu tumepita salama, wa nne theluji ikakatika. Ni kelele yangu au kuna jambo jingine?

#1 Mpanda Taratibu
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo yenu maana nyumbani hakukaliki.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa wanne mlimani kwa ski, vile vibao vya kuteleza kwenye theluji, mbali na njia zilizotengenezwa: mimi, marafiki wawili na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ilikuwa siku ya tatu tangu theluji nyingi ianguke pamoja na upepo. Taarifa ya asubuhi ya hatari ya maporomoko ya theluji ilisema kiwango cha 3 kati ya 5. Tukafika kwenye mteremko mpana ambao lazima uukatize ili ufike kwenye miamba ya upande wa pili. Tukakubaliana tupite mmoja mmoja. Nikaanza mimi, akafuata wa pili, akafuata wa tatu, wote salama. Shemeji alibaki nyuma akihangaika na kiatu. Upepo ulikuwa unavuma, nikaweka mikono mdomoni nikamwita kwa nguvu zangu zote. Akaja. Alipofika katikati hivi, theluji ikapasuka kama mita 30 juu yake, ufa mmoja mrefu, na mteremko mzima ukaondoka naye.

Tulimpata kwa transiva, kile kiredio cha kuvaa kifuani kinachotuma mawimbi ili wenzako wakutafute ukifukiwa. Kichwa kilikuwa chini kama nusu mita. Tangu alipofunikwa hadi tulipoufungua uso wake zilipita dakika 7 au 8. Yuko hai, ni goti tu limeteguka.

Sasa shemeji ameuambia ukoo mzima kwamba kelele yangu ndiyo iliyoporomosha mlima. Mama mkwe hapokei simu yangu. Maswali ni mawili: sauti ya mtu inaweza kufanya hivyo? Na kama haiwezi, kwa nini ilikatika kwa wa nne na si kwangu mimi niliyetangulia?

#2 Chura Kimya
Pole sana mkuu. Nakaa hapa pembeni nisubiri wajuvi.
Ila mama mkwe kutopokea simu, wenzako tunaiomba usiku na mchana.

#3 Simba wa Karatasi
Shemeji yuko sahihi. Ndiyo maana waongozaji wa milimani hutembea kimya. Theluji ikishaning'inia inangoja mtikisiko mdogo tu, na sauti ni mtikisiko. Hakuna fumbo hapo.

#4 Kobe wa Kileleni
Simba, waongozaji hukaa kimya ili waisikie theluji, si kwa kuogopa kwamba theluji itawasikia wao.

Tuangalie nguvu yenyewe. Mtu akipiga kelele hadi koo likauke, shinikizo la sauti yake hapo karibu ni paskali moja mbili tu. Mtu mmoja juu ya ski anaisukuma theluji iliyo chini yake kwa mamia ya paskali, na akianguka inazidi. Yaani shemeji alikuwa anaitikisa theluji kwa miguu yake mara mamia kuliko wewe kwa koo lako uliyesimama mbali. Baruti ndiyo huporomosha, na vikosi vya milimani huitumia makusudi, lakini hapo kinachofanya kazi ni wimbi la mlipuko wenyewe wala si mlio wake.

Katika ajali zinazoua watu mlimani, takriban 9 kati ya 10 theluji hukatwa na aliyenaswa mwenyewe au mwenzake wa kundi moja. Ni uzito.

#5 Simba wa Karatasi
Kobe usitudanganye na hesabu. Mwaka 1910 kule Wellington, Marekani, radi ilinguruma usiku na theluji ikashuka ikasomba treni. Radi ni sauti. Au nayo ilikuwa imevaa ski?

#6 Mama Ramani
Simba, tukio ni la kweli ila umelikata vipande. Ilikuwa tarehe 1 Machi 1910, jimbo la Washington, treni mbili zilizokuwa zimekwama kwa siku kadhaa, watu 96 walikufa. Lakini theluji ilikuwa imeanguka mfululizo siku nyingi, kisha hali ikageuka, joto likapanda na mvua ikanyesha juu ya rundo lote lile. Na mteremko wa juu ya reli haukuwa tena na miti yake, moto ulikuwa umeshaupitia msitu. Radi ilikuwepo, sikatai, na wapo wanaoitaja hadi leo. Ila ukimmwagia maji mtu aliyebeba mzigo wa kumvunja mgongo, usiseme aliangushwa na kikohozi cha jirani.

#7 Fundi Kigae
Salaam. Mimi kazi yangu ni kupanga vigae, milimani naenda kwa mapenzi tu, mwaka wa 11 sasa. Swali la pili la mleta mada ndilo zuri na naona mnalikimbia.

Wengi wanadhani theluji inateleza kama mchanga, unaanzia nukta moja kisha unatanuka. Hiyo ipo, lakini inayoua mara nyingi ni bamba. Upepo ukisukuma theluji upande mmoja wa mlima unaishindilia ikawa ngumu, kipande kimoja kinachoshikana. Chini yake kuna tabaka dhaifu: mara nyingi chembe kubwa kavu zisizoshikana, ukizitia mkononi zinamwagika kama sukari. Hizo hujijenga kukiwa na baridi kali juu na theluji ikiwa nyembamba, kwa sababu ardhini ni karibu nyuzi sifuri na juu ni baridi zaidi, mvuke unapanda ndani kwa ndani na kuzibadilisha chembe.

Sasa chukua kigae kikubwa kilale juu ya mchanga mkavu usio na saruji. Ukikanyaga pale ambapo kigae ni kinene, uzito wako unatawanyika, chini hakuna habari. Ukikanyaga pale kilipo chembamba, uzito unafika kwenye mchanga, unabonyea, na ufa ukishaanza haukungoji. Katika theluji ufa huo hukimbia makumi ya mita kwa sekunde, na umewahi kupimwa ukizidi 100. Ndiyo maana ulipasuka mita 30 juu yake na si miguuni pake.

Kwa hiyo watatu mlipita kwenye unene, wa nne akapata wembamba. Ndivyo ninavyoiona mimi.

#8 Chura Kimya
Kwa hiyo mtu anaishi au anafukiwa kutegemea amekanyaga hapa au hatua tano kule? Nimeacha kupanda milima ambayo sijawahi kupanda.

#9 Fundi Kigae
Wakati mwingine hata hukanyagi mteremko wenyewe. Unaweza kuwa umesimama tambarare chini yake, ukabonyeza tabaka dhaifu hapo, ufa ukapanda juu na bamba likakufuata ulipo.

#10 Mama Ramani
Mpanda Taratibu, bila vipimo tunapiga ramli. Mteremko ulikuwa wa nyuzi ngapi? Unatazama wapi? Saa ngapi alipita wa kwanza na saa ngapi wa mwisho? Na je, shemeji alifuata alama zenu au alijipitia kwake?

#11 Mpanda Taratibu
Asanteni wote. Majibu:

Nilipima kwenye ramani baada ya ajali, ni kati ya nyuzi 34 na 36. Unatazama kusini-mashariki. Mimi nilianza kama saa tano kamili asubuhi, shemeji saa tano na dakika 25 hivi. Alama zetu hakuzifuata, alipita juu yetu kama mita tano sita, karibu na kanundu fulani.

Na niongeze, asubuhi tukiwa tambarare tulisikia mlio mara mbili. Mzito, "vumm", kama mtu kajitupa kwenye godoro, na theluji ikashuka kidogo chini yetu. Tulicheka. Tulidhani ni theluji inajikalia vizuri. Tena wenyeji wawili tuliokutana nao walituambia mteremko ule haujawahi kuporomoka.

#12 Chura Kimya
Mkuu!!! Hiyo "niongeze" yako ndiyo ilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya uzi.

#13 Kobe wa Kileleni
Naandika kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Huo mlio ni tabaka dhaifu likiporomoka chini ya miguu yenu. Hakuna ishara iliyo wazi zaidi ya hiyo, labda uone maporomoko mapya jirani, au nyufa zinazokimbia mbele ya ski yako. Mlikuwa tambarare, ndiyo maana hakuna kilichoteleza. Mlima uliwaambia mara mbili, mkaupeleka ujumbe huohuo kwenye nyuzi 35. Bamba hukatika zaidi kati ya nyuzi 30 na 45, na hizo 35 hadi 40 ndizo kitovu chenyewe. Chini ya 30 ni nadra, mradi juu yako pasiwe na mteremko mkali.

La pili, kiwango cha 3. Watu huona ngazi ya 1 hadi 5 wakadhani 3 ni wastani, ya kati kwa kati. Ngazi hiyo haipandi sawasawa, kila hatua hatari inazidi kwa kuruka. Kwenye 3 mtu mmoja tu anaweza kukata bamba katika miteremko mingi mikali. Ulaya vifo vingi vya watu wa ski hutokea kwenye 3, si kwenye 5. Kwenye 5 watu wamejifungia ndani.

#14 Mama Ramani
Hao wenyeji wa "haujawahi" wananikumbusha Galtür, Austria. Februari 1999 theluji ilishuka ikaingia kijijini hadi sehemu ambayo kwenye ramani ya hatari ilipakwa kijani, yaani salama. Hapo Galtür walikufa 31, na siku iliyofuata wengine 7 katika kitongoji cha jirani. Kumbukumbu za watu ni fupi kuliko za mlima.

#15 Jua la Saa Sita
Hodi. Mbona hakuna anayegusa jua? Mteremko unatazama kusini-mashariki, saa tano hadi saa tano na nusu. Hapo ndipo jua linapoupiga sawasawa. Mleta mada amepita kukiwa bado kugumu, shemeji amepita kukishalegea. Mimi nimewahi kutazama mteremko ukiwa kimya asubuhi nzima, nikageuka kufunga begi, nikasikia unashuka bila kuguswa na mtu. Jua.

#16 Mama Ramani
Jua, hoja ni nzuri kwa theluji ya majira ya kuchipua, ikilowa maji. Lakini dakika 25 katikati ya baridi kali? Joto linaingia polepole mno kwenye theluji kavu, tabaka lililo nusu mita chini halina habari kama jua limetoka.

#17 Jua la Saa Sita
Sijasema joto limefika chini. Nasema bamba la juu likipata joto linalegea, linanyumbulika zaidi, na uzito wa mtu unazama ndani kuliko likiwa gumu. Hapo tabaka dhaifu linapata mzigo ambao mtu wa kwanza hakuufikisha. Hilo hujalijibu.

#18 Mama Ramani
Sijalijibu kwa sababu linawezekana. Nakubali nusu.

#19 Nyundo Saba
Mnazunguka mbuyu. Chuma ukikikunja mara moja hakikatiki, ukikikunja mara nne kinakatika. Wa kwanza aliumiza tabaka, wa pili akaongeza, wa tatu akaongeza, wa nne akamalizia. Basi. Shemeji alilipa deni la wenzake.

#20 Fundi Kigae
Nyundo, theluji si chuma. Chembe zake zikigusana zinaanza kugandana upya papo hapo, ndiyo maana ukikanyaga theluji laini ukaiacha, unaikuta ngumu. Inaweza hata kuwa kinyume, alama za ski zikakaza mahali. Halafu umesahau kwamba shemeji hakupita palepale. Mita sita juu yao ni mahali pengine kabisa.

#21 Nyundo Saba
Kigae chako kikishapata ufa usioonekana kinaganda chenyewe? Mbona unakuja kutuuzia kingine?

#22 Fundi Kigae
Hahaha hapo umenipata kwa vigae. Kwa theluji bado.

#23 Alama Tatu
Wakuu salaam. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu, rafiki kanitumia. Mimi ndiye niliyepita wa tatu.

Mpanda ni ndugu yangu na sina nia ya kumchafua, ila yapo aliyoyapitia haraka. Kwanza, hakumwita shemeji "njoo". Alisema "njoo upesi, tunaganda huku, usifuate alama zetu zimeoza, pita juu". Nilikuwa pembeni yake. Upepo ulikuwa mkali, sijui shemeji alisikia yote au alisikia "upesi" na "juu".

Pili, sote watatu tulisimama pamoja chini ya mwamba tukijua ni salama. Theluji ilipita mita nane kutoka kwetu. Ingekuja upande wetu hakuna ambaye angebaki kumtafuta mwenzake.

Tatu, shemeji alikuja kwa kukimbia kidogo. Kwenye kanundu aliteleza akakaa kitako, akainuka, na hapohapo ikapasuka. Au ilipasuka alipokaa. Nimeirudia kichwani mara elfu na sijui kipi kilitangulia.

#24 Chura Kimya
Uzi umepata shahidi. Naomba mahakama itulie.

#25 Kobe wa Kileleni
Alama Tatu, asante. Hilo la kukaa kitako ni kubwa. Mtu akitembea polepole kwa ski uzito wake umetandazwa. Akianguka anapigilia msumari. Na kanundu ni mahali ambapo bamba limevutwa kama ngozi ya ngoma, mara nyingi pia ni jembamba hapo. Vitu viwili kwa pamoja.

#26 Mwalimu wa Zamu
Nimesoma kuanzia namba 1. Naona Kobe alimshinda Simba kwa paskali, na mimi nakubaliana na paskali. Ila baada ya namba 23 nadhani shemeji naye hakukosea sana. Sauti haikuitikisa theluji. Ilimtikisa shemeji. Ilimtoa kwenye njia iliyokwishapitwa, ikampa haraka, ikampeleka kwenye kanundu, akaanguka. Akisema "kelele yako ndiyo iliyoniporomosha", amekosea fizikia na amepatia mengine yote.

Kuna mtafiti wa Marekani, Ian McCammon, alipitia ajali zaidi ya 700 za wapenda milima akitafuta kwa nini watu, hata waliosoma, wanaingia kwenye miteremko ambayo ishara zake ziko wazi. Alikuta mitego ileile inajirudia: mahali umepazoea, umeshaamua na hutaki kurudi, kuna mmoja mnamwona ndiye mjuzi, hutaki kuonekana mwoga, wengine wamepita kabla yako. Hesabuni wenyewe ni mingapi ipo kwenye namba 1 na namba 11. Wa nne ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote, maana wenzake watatu wako ng'ambo wanamsubiri kwenye baridi. Nani atasema "sipiti"?

#27 Mpanda Taratibu
Mwalimu nakuheshimu lakini umenigeuza muuaji kwa lugha nzuri. Nilimwambia apite juu kwa sababu alama zetu zilikuwa zimebomoka na alikuwa na kiatu kibovu. Nilimfikiria yeye. Na Alama Tatu, wewe ndiye uliyelalamika baridi, mimi niliifikisha tu.

#28 Alama Tatu
Ni kweli nililalamika. Nimeshasema sikuchafui.

#29 Simba wa Karatasi
Kwa hiyo tumekubaliana kelele inaporomosha. Asanteni, nilisema namba 3.

#30 Kobe wa Kileleni
Simba lala.

#31 Binti Dira
Samahanini naingilia. Hizo dakika 7 au 8 mnazipita tu, wakati mimi ndizo zilizonifanya nisome uzi wote. Tulifundishwa kwamba ndani ya dakika 15 aliyefukiwa ana nafasi ya kama 9 kati ya 10. Kwa hiyo walikuwa na muda wa kutosha, sivyo?

#32 Mama Ramani
Binti, hiyo ya 15 ni ya utafiti wa miaka ya 1990. Upo mpya wa Uswisi uliotoka 2024, unaonyesha nafasi inaanza kuporomoka baada ya dakika 10 hivi. Ikifika nusu saa ni kama theluthi moja tu wanaopona. Kikosi cha uokoaji kikifika kwa helikopta mara nyingi muda huo umekwisha, kwa hiyo mwokoaji wako ni yule mliyeondoka naye asubuhi. Mpanda na wenzake kwa upande huu walifanya kazi ya kusifiwa, lazima tuliseme.

#33 Kobe wa Kileleni
Na tusisahau kwamba si wote wanaokufa kwa kukosa hewa. Utafiti wa Kanada ulikuta karibu robo walikufa kwa kugongwa, miti na mawe. Transiva haimsaidii aliyegongwa mwamba. Kwa hiyo unapotazama mteremko uliza pia kilichopo chini yake: korongo, miti, genge? Korongo hata theluji kidogo inakufukia mita tatu.

#34 Alama Tatu
Mama Ramani asante, ila dakika zingekuwa tano kama si jambo moja. Transiva yangu ilikuwa inarukaruka namba, mita 12, mita 31, mita 9. Baadaye tukagundua simu yangu ilikuwa mfuko wa kifuani, jirani na kifaa. Nilipoihamishia kwenye begi ikatulia.

#35 Mama Ramani
Ndiyo. Simu, kamera, glovu zenye betri, vyote huvuruga. Kanuni ya kawaida ni sentimita 20 kutoka kwenye transiva ikiwa inatuma na 50 unapotafuta. Bora zaidi simu uizime kabisa. Transiva zote za sasa zinasikilizana kwenye kilohezi 457, lakini makelele ya umeme ya simu yanaingia humohumo.

#36 Binti Dira
Na kuchimba? Mlichimba vipi? Nasikia hapo ndipo muda mwingi unapoishia.

#37 Alama Tatu
Nilichoma kwa fimbo ndefu, mara ya tatu ikagusa kitu kinachodunda. Fimbo nikaiacha hapohapo, usiitoe, ndiyo anwani yako. Mpanda alitaka kuchimba juu ya fimbo, mwenzetu wa pili akamvuta. Unashuka kidogo upande wa chini wa mteremko, kadiri ya kina chenyewe, unachimba kuelekea ndani, mmoja anakata na wengine wanasukuma nyuma. Theluji ikishasimama inakaza kama saruji. Koleo la plastiki la mwenzetu lilipasuka. La chuma ndilo lililotuokoa.

#38 Chura Kimya
Halafu wale mbwa wakubwa wa kuokoa watu, wenye kipipa cha pombe shingoni, walikuwa wapi?

#39 Jua la Saa Sita
Kipipa ni cha wachoraji, hakikuwa cha mbwa. Mbwa wa kweli maarufu ni Barry, wa pale njia ya milimani ya Great St Bernard, aliishi 1800 hadi 1814, hadithi zinasema aliokoa watu 40 na zaidi. Mwili wake umehifadhiwa makumbusho ya Bern, Uswisi. Hata hicho kipipa walikuja kumvisha wakati ameshakuwa sanamu.

#40 Nyundo Saba
Mbwa hakumwita mtu "njoo upesi".

#41 Mpanda Taratibu
Nyundo nimekuona.

#42 Binti Dira
Swali la mwisho kisha nawaachia. Begi lenye puto, lile linalojaa hewa ukivuta kamba, je? Ninataka kununua na naambiwa ukiwa nalo hufi.

#43 Kobe wa Kileleni
Anayekuambia hivyo mkimbie. Puto linasaidia kwa sababu katika kitu kinachotiririka vikubwa huja juu. Tikisa debe la kokoto zenye mawe makubwa uone. Utafiti wa 2014 ulikuta kati ya walionaswa vibaya, waliokuwa na puto lililojaa walikufa asilimia 11, wasio nalo 22. Ni nusu, siyo sifuri. Na mabegi kama moja kati ya matano hayakujaa, mara nyingi kwa sababu mwenyewe hakuvuta kamba. Miti na magenge tulishayasema namba 33. Nunua, lakini ukijikuta unasema "leo tupite, nina puto", liache nyumbani.

#44 Mwalimu wa Zamu
Na kabla ya puto, Mpanda, nyuzi zipimwe kabla ya kuondoka, si baada ya ajali. Mwongozaji wa Uswisi Werner Munter alifundisha kupima hatari mara tatu: nyumbani kwa ramani na taarifa, ukifika eneo lenyewe, na tena mbele ya kila mteremko. Kila mara unaangalia theluji na hali ya hewa, umbo la ardhi, na watu ulio nao. Ninyi mlipima mara moja, jioni yake.

#45 Mpanda Taratibu
Hapo sina la kujibu.

Nimempelekea shemeji kiungo cha uzi. Amesoma hadi namba 26 akanipigia. Amesema neno moja, "upesi", akakata simu. Sijui ni amani au ni vita.

#46 Chura Kimya
Ni amani. Shemeji wa vita hakati simu.

#47 Fundi Kigae
Mpanda, kabla uzi haujapoa. Mlipima unene wa ule ukuta wa juu, pale bamba lilipokatika? Ungekuwa na picha tungejua.

#48 Alama Tatu
Ninayo picha, niliweka koleo kama kipimo. Upande wetu wa miamba ukuta ni kama sentimita 80. Ukielekea kanundu unapungua, pale juu ya shemeji ni kama 35.

#49 Fundi Kigae
Basi narudi namba 7. Wembamba.

#50 Jua la Saa Sita
Sentimita 35 ni wembamba ambao jua nalo linaufikia. Narudi namba 17.

#51 Nyundo Saba
Na huo wembamba ulikuwepo tangu saa tano. Mbona ulingoja wa nne?

#52 Fundi Kigae
Kwa sababu hakuna aliyeukanyaga kabla yake, Nyundo. Alama zenu zilikuwa chini. Alama Tatu, hebu pima kwenye picha, kutoka alama zenu hadi hapo kwenye 35 ni mita ngapi hasa?

#53 Alama Tatu
Picha haionyeshi alama. Zilishuka na mteremko.